Hali ya kijamii na kiuchumi: maana yake kwa mfano wa Waarabu wa Marekani na Waseminole

Hali ya kijamii na kiuchumi ni dhana inayotumiwa na wanasosholojia, wachumi na watunga sera kueleza nafasi ya mtu, kaya au jamii nzima ikilinganishwa na wengine wanaoishi katika nchi hiyo hiyo. Kwa kawaida nafasi hiyo hupimwa kwa mambo matatu: kipato, elimu na aina ya kazi. Watafiti makini huongeza mengine ambayo hayaonekani kwenye hati ya mshahara, kama vile mali ya kurithi, umiliki wa ardhi, afya, makazi, na uwezo wa jamii kusikilizwa na serikali inapodai jambo lake. Vipengele hivi haviendi pamoja kila mara, kwani mtu anaweza kuwa na shahada na asipate kazi inayolingana nayo, na jamii inaweza kuwa na fedha nyingi leo huku ikiwa bado inauguza majeraha ya karne nzima ya kunyang'anywa ardhi.

Waarabu wa Marekani na Waseminole wanasaidia sana kuielewa dhana hii, ingawa ni nadra kutajwa pamoja. Waarabu ni wahamiaji na vizazi vyao, walioanza kuingia Marekani kwa wingi katika miaka ya 1880. Waseminole ni wenyeji ambao Marekani iliwakuta Florida, ikapigana nao vita vitatu, ikawahamisha wengi wao kwa nguvu, na bado haikuweza kuwaondoa wote. Ukizilinganisha jamii hizi kwa kipato peke yake, utapata jibu lililo sahihi kihesabu lakini lisilofafanua maisha ya upande wowote. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza watu wana mali kiasi gani, ni lazima kuuliza mali hiyo iko mikononi mwa nani na inashikiliwa kwa haki ipi.

Msomaji wa Unguja au Mombasa anaposikia habari za Waarabu hufikiria kwanza Waomani na Wahadhrami. Historia ya Waarabu wa Marekani ni nyingine. Wa mwanzo wengi walikuwa Wakristo kutoka Mlima Lebanon na sehemu nyingine za Syria ya wakati huo, chini ya dola ya Uthmaniyya, na kazi iliyowapa riziki ilikuwa uchuuzi. Mtu alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa mwenye ghala, aghalabu wa kijiji chake cha kwao, kisha akatembea mashambani akiwa na sanduku mgongoni lenye sindano, nyuzi, vifungo, lesi na rozari. Wanawake nao walichuuza. Aliyefanikiwa alifungua duka, akawakopesha bidhaa waliomfuata, na mtaa wa Washington Street kusini mwa Manhattan ukawa kitovu cha mtandao huo. Mtaji wa jamii hii ulikuwa ukoo na uaminifu, na faida yake ilibaki katika familia.

Sheria iliwasaidia kwa namna moja na kuwaficha kwa namna nyingine. Wakati huo uraia wa kuomba uliruhusiwa kwa watu waliohesabiwa kuwa weupe au wenye asili ya Afrika, na mwaka 1915 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Msyria aitwaye George Dow, iliamua kwamba Wasyria wahesabiwe kuwa weupe. Uamuzi huo ulifungua mlango wa uraia, na pamoja na uraia, usalama wa mali. Lakini tangu hapo takwimu za serikali zimewaweka Waarabu ndani ya kundi la weupe, kwa hiyo umaskini wao, afya yao na ubaguzi unaowakabili havionekani kwenye majedwali ya kawaida. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikaribia kuufunga mlango, na ile ya mwaka 1965 ikaufungua tena kwa kutoa nafasi kwa wenye jamaa nchini na wenye ujuzi. Ndipo walipoingia madaktari na wahandisi kutoka Misri, Iraq na Palestina, na baadaye wakimbizi wa vita vya Lebanon, Iraq, Syria na Yemen.

Hapa inafaa kueleza kipimo kiitwacho kipato cha kati. Ukizipanga kaya zote kuanzia yenye kipato cha chini hadi cha juu, kipato cha kati ni kile cha kaya iliyo katikati kabisa. Kwa Waarabu wa Marekani kwa ujumla, kiwango cha elimu ya chuo kikuu ni cha juu kuliko wastani wa nchi, na kipato cha kati hakiko mbali na kile cha nchi nzima. Mtu anayeishia hapo atasema jamii hii imefanikiwa na kufunga faili. Hata hivyo, ndani ya tarakimu hiyo wamo wajukuu wa Walebanoni walioingia miaka mia moja iliyopita, na wamo pia Wayemeni na Wairaqi walioingia majuzi, ambao hali yao ni tofauti kabisa. Katikati yao wapo hata wasiolikubali jina lenyewe, kwa mfano wengi wa Wakaldayo, yaani Wakristo wa Iraq wa jamii hiyo, wanaoishi Detroit.

Mji wa Dearborn, jimbo la Michigan, unaonyesha jambo hili vizuri. Kiwanda kikubwa cha Ford cha River Rouge kiliwavuta wafanyakazi wa Kiarabu, kwanza Walebanoni na kisha Wapalestina na Wayemeni, wakajenga misikiti na maduka jirani na moshi wa kiwanda. Mwaka 1971 kilianzishwa hapo kituo cha ACCESS cha kuwasaidia wahamiaji. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huo wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, na mwaka 2021 walimchagua Abdullah Hammoud kuwa meya wa kwanza Mwarabu. Hata hivyo, upande wa magharibi wa Dearborn kuna nyumba za wataalamu wenye uwezo, na upande wa kusini, karibu na kiwanda, wapo Wayemeni wenye vipato vidogo wanaovuta hewa chafu ya viwanda kila siku.

Wayemeni wa New York, nao, wameshika maduka ya mtaani yanayofunguliwa usiku na mchana, yanayojulikana na majirani zao kama duka la Mangi linavyojulikana Dar es Salaam. Tarehe 2 Februari 2017, baada ya serikali kuzuia raia wa Yemen na wa nchi nyingine sita kuingia Marekani, wenye maduka takribani elfu moja waliyafunga, wakakusanyika Brooklyn na kuswali hadharani. Tukio hilo linafundisha jambo ambalo jedwali la vipato halilioneshi: mtu anaweza kuwa na duka na kulipa kodi kila mwaka, kisha amri moja ya serikali ikamtenganisha na mke na watoto.

Waseminole wanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa uchumi wao haueleweki bila vita vyao. Jamii hii iliundwa Florida katika karne ya 18 na watu wa jamii ya Creek waliohamia kutoka kaskazini, wakaungana na wenyeji waliosalia, na jirani nao wakaishi Waafrika waliotoroka utumwa, ambao vizazi vyao huitwa Waseminole Weusi. Walipigana na Marekani mwaka 1817 hadi 1818, kisha 1835 hadi 1842, na mara ya tatu 1855 hadi 1858. Kiongozi wao Osceola alikamatwa mwaka 1837 alipokuja kwenye mazungumzo chini ya bendera ya amani, akafa kifungoni mwaka uliofuata. Maelfu walihamishiwa eneo ambalo sasa ni Oklahoma, na mamia machache wakabaki kwenye vinamasi vya Everglades, ambako jeshi lilichoka kuwafuata.

Waliobaki waliishi katika chickee, kibanda kisicho na kuta chenye paa la makuti na jukwaa la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi. Waliuza ngozi za mamba na za fisi maji, pamoja na manyoya ya yangeyange yaliyotakiwa na washona kofia wa miji mikubwa, na walinunua bunduki, kahawa, vitambaa na cherehani. Biashara hiyo ilikufa mwanzoni mwa karne ya 20, pale serikali ilipoanza kukausha vinamasi na sheria zikakataza manyoya. Kilichofuata ni kuuza utamaduni wenyewe. Familia zilikaa katika kambi za maonyesho Miami, watalii wakilipa kuwatazama, huku wanawake wakichana vitambaa vya rangi kuwa vipande vyembamba, wakiviunga kwa cherehani ya mkono, wakivikata upya na kuviunga tena mpaka nakshi itokee, kisha wakiuza sketi, koti au mwanasesere kwa mgeni. Kazi hiyo ya wanawake ililisha watoto wengi, na haikuandikwa popote kama ajira.

Katika miaka ya 1930 serikali iliwaletea ng'ombe kutoka Arizona, na ufugaji ulioanzia Brighton, eneo lao huko Florida, ukawa nguzo ya uchumi wao mpaka leo. Mwaka 1953 bunge la Marekani lilitangaza sera ya kuvunja uhusiano wa serikali na baadhi ya makabila, na Wenyeji wa Florida walikuwamo kwenye orodha. Waseminole walijitetea, wakaandika katiba, na mwaka 1957 Kabila la Waseminole la Florida likatambuliwa rasmi. Wamiccosukee, jamii nyingine ya Wenyeji wa Florida iliyo ndugu nao, walitambuliwa peke yao mwaka 1962. Utambuzi huo ndio ufunguo wa kila kilichofuata, kwa sababu kabila linalotambuliwa ni serikali, lina ardhi ambayo sheria nyingi za jimbo haziifikii, na linaweza kuamua mambo yake.

Mwaka 1979 Waseminole walifungua ukumbi wa bingo, mchezo wa bahati nasibu, mjini Hollywood, Florida, wenye zawadi kubwa kuliko sheria ya jimbo ilivyoruhusu. Mkuu wa polisi wa kaunti alitaka kuufunga, wakaenda mahakamani, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Kesi hiyo iliyafungulia njia makabila mengine, mpaka bunge likatunga sheria ya michezo ya bahati nasibu ya makabila mwaka 1988. Mwishoni mwa mwaka 2006 kabila hili lilitangaza kuinunua kampuni ya Hard Rock, yenye mikahawa, hoteli na kasino, kwa dola milioni 965, na mkataba wa mwaka 2021 na jimbo la Florida kuhusu michezo hiyo ulihusu malipo ya angalau dola bilioni 2.5 kwa jimbo ndani ya miaka mitano. Watu waliotazamwa kwa tiketi kambini wamekuwa waajiri wa maelfu ya watu wasio wa kabila lao.

Sasa linganisha. Mlebanoni mwenye duka Dearborn akifanikiwa, faida ni yake na ya watoto wake, anaweza kuliuza duka na kuhamia jimbo jingine. Faida ya kasino za Waseminole ni ya kabila, na sheria ya mwaka 1988 inataja matumizi yake: uendeshaji wa serikali ya kabila, ustawi wa wanachama, maendeleo ya uchumi, hisani, na kuchangia serikali za mitaa. Kabila linaweza kugawia kila mwanachama fungu lake kwa mpango ulioidhinishwa, na fungu hilo hutozwa kodi ya mapato. Kwa hiyo kijana Mseminole anaweza kuwa na kipato kizuri kabla hajapata kazi, jambo linalovuruga kipimo cha kawaida kinachodhani kwamba kipato hutokana na elimu na ajira. Ndiyo maana kabila limewekeza katika shule zake, kama Ahfachkee iliyopo Big Cypress, eneo jingine la kabila huko Florida, ambako watoto hufundishwa pia lugha na desturi zao.

Wala isidhaniwe kwamba kila Mseminole ni tajiri. Mkataba wa mwaka 1866 uliwalazimisha Waseminole waliohamishiwa magharibi kuikabidhi serikali ardhi yao kwa senti 15 kwa ekari, kisha wakanunua ekari 200,000 za kuishi kwa senti 50 kwa ekari. Baadaye ardhi hiyo iligawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na nyingi ikaishia mikononi mwa wengine. Mafuta mengi yalipogunduliwa kuzunguka mji wa Seminole, Oklahoma, mwaka 1926, utajiri mkubwa ulipita mbele ya macho ya watu waliokuwa wamekwisha kupoteza mashamba. Ukoo mmoja, historia moja ya vita, na hali mbili zilizo mbali mno, tofauti kubwa ikiwa ni nini kilichotokea kwa ardhi ya pamoja. Hata ndani ya Taifa la Waseminole la Oklahoma, kama wanavyojiita hao wa magharibi, Waseminole Weusi wana makundi 2 kati ya 14 yanayounda baraza, na bado wamepigania kwa muda mrefu haki sawa katika mafungu ya fidia ya ardhi iliyochukuliwa Florida.

Ugumu mwingine wa ulinganisho ni wa takwimu. Kabila la Florida lina wanachama elfu chache tu, idadi ambayo utafiti wa sampuli hauwezi kuieleza kwa uhakika, na sensa inawajumuisha pia watu wanaojiita Waseminole ilhali hawamo kwenye daftari la kabila. Kwa Waarabu, mabadiliko yalikuja Machi 2024, serikali ilipoamua kuongeza kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kwenye maswali yake ya asili ya mtu.

Jambo la kuhesabiwa kuwa mmoja wa jamii lina uzito zaidi kwa Waseminole wa Florida, kwani katiba yao inamtaka mwanachama awe na angalau robo ya damu ya Kiseminole. Mjukuu wa Mlebanoni aliyeoa au kuolewa nje ya jamii yake anarithi duka, nyumba na akiba kama kawaida, hata kama amelisahau jina la kijiji cha babu. Mtoto wa Kiseminole anayeangukia chini ya robo hapati fungu, hapigi kura ya kabila, na hawezi kumrithisha mwanawe uanachama ambao yeye mwenyewe hana.