Je, wajua kwa nini karatasi ya picha ya bei ghali huharibika mapema kuliko karatasi ya ofisi?

Chukua karatasi mbili zilizochapwa siku moja kwa printa ya wino. Moja ni picha ya harusi kwenye karatasi nzito inayong'aa. Nyingine ni mkataba wa kibanja kwenye karatasi ya kawaida ya rimu. Zitundike zote mbili sebuleni Kampala. Mara nyingi picha ndiyo inayotangulia kuchoka: samawati inapauka na nyuso za maharusi zinageuka rangi ya chungwa, ilhali maandishi ya mkataba yanasomeka vilevile. Aliyelipa zaidi ndiye aliyepata hasara.

Kinachozeeka hapo si kitu kimoja. Ni vitu vitatu vilivyobebana: nyuzi za karatasi, tabaka la juu linalopokea wino, na wino wenyewe. Kila kimoja kina adui wake, na uimara wa kimoja hauwaokoi wenzake.

Nyuzi kwanza. Karatasi ni selulosi, na mti una pia lignini, gundi ya asili inayozishika nyuzi pamoja. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa kusaga mti bila kuitoa lignini hiyo, ndiyo maana gazeti likiachwa juani linakuwa njano ndani ya siku chache. Adui wa pili ni asidi. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza njia ya kutia shabu na utomvu wa msonobari ndani ya rojo la nyuzi ili wino usisambae kwenye karatasi. Njia hiyo ilikuwa rahisi, ikaenea duniani, lakini shabu huacha asidi inayokatakata selulosi taratibu. Vitabu vingi vilivyochapwa tangu katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1980 vinavunjika ukivikunja kona, wakati karatasi za matambara zilizovitangulia kwa miaka 200 bado ni laini. Baadaye viwanda vingi viliacha shabu vikahamia kalisiamu kaboneti, dutu ileile iliyomo kwenye mawe ya chokaa. Hii huitia karatasi weupe na humeza asidi inayoingia kutoka hewani. Kwa hiyo rimu nzuri ya leo huwa haina asidi hata kama pakiti yake haijisifu.

Na kujisifu ndiko penye mtego. Maneno ya Kiingereza yanayodai kwamba karatasi ni ya kuhifadhi kumbukumbu, au haina asidi, hayana mlinzi. Kiwanda chochote kinaweza kuyaandika. Karatasi iliyojaa lignini ikitiwa chokaa haitaonyesha asidi leo, lakini lignini ingali inaendelea na kazi yake. Alama ya kuaminika zaidi ni ISO 9706, kipimo cha shirika la kimataifa la viwango kilichotolewa mwaka 1994, ambacho nembo yake ni ile nane iliyolala ndani ya duara. Ili karatasi iipate, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) lazima iwe kati ya 7.5 na 10, iwe na akiba ya kumeza asidi inayolingana na takriban asilimia 2 ya kalisiamu kaboneti, lignini isizidi kiwango kidogo sana, na isichanike kirahisi. Juu yake ipo ISO 11108, ya karatasi za pamba, kitani na nyuzi za aina hiyo, ambazo hupimwa pia kwa kukunjwa mara nyingi. Kwa mikataba, wosia, kumbukumbu za ukoo na vyeti vya ndani ya taasisi, karatasi ya ISO 9706 ya gramu 80 hadi 100 kwa mita ya mraba inatosha kabisa. Pamba ni ya picha na ya mambo makubwa.

Dukani, iwe Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, au kwingine, unaweza kupima mambo mawili bila maabara. La kwanza ni uzito. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, hivyo ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Weka rimu kwenye mizani. Ikisoma kilo 2.2 hivi, umeuziwa gramu 70 ndani ya karatasi ya kufungia ya 80, au kuna karatasi zimepungua. Udanganyifu wa uzito hauthibitishi kwamba nyuzi ni mbovu, lakini anayedanganya kwenye gramu usimwamini kwenye nembo.

La pili ni ile taa ya zambarau wanayotumia wabadilishaji fedha kukagua noti. Imulike karatasi ya ofisi gizani: itawaka buluu kali. Mulika noti halali: karatasi yake inabaki imefifia, zikiwaka alama za usalama tu. Tofauti hiyo huletwa na kemikali za kung'arisha, zinazomeza mionzi ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa buluu ili jicho lione weupe kupita kiasi. Kemikali hizo huchoka. Zikichoka karatasi haiozi, ila inarudi kwenye rangi yake halisi ya maziwa. Kwa mkataba hilo si neno. Kwa picha ni tatizo, maana gauni jeupe la bibi harusi halina wino hata tone. Weupe wake wote ni weupe wa karatasi. Kwa picha ya kudumu tafuta karatasi isiyowaka kabisa chini ya taa, au inayowaka kidogo sana, na uizoee rangi yake ya krimu tangu mwanzo.

Sasa tabaka la juu, ambalo ndilo lililoiponza ile picha ya sebuleni. Karatasi nyingi za kung'aa zinazokauka papo hapo zina tabaka lenye vitundu vidogo mno, kama sifongo. Wino unanyweka mara moja, lakini hewa nayo inapita humohumo, na pamoja nayo ozoni (gesi kali ya jamii ya oksijeni), moshi wa jiko la makaa na wa magari. Mwaka 2000 watu walionunua printa mpya za picha waliona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki chache, na mchawi alikuwa ozoni: iliiua samawati, zikabaki nyekundu na njano. Chini ya tabaka hilo mara nyingi kuna karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili, ya aina inayoitwa RC. Ni nzuri kwa albamu ya kupitisha mkono kwa mkono, si kwa wajukuu.

Lakini karatasi peke yake haikosi. Wino ni mshiriki wake. Wino wa dai (dye kwa Kiingereza) ni rangi iliyoyeyuka kama sukari kwenye chai. Wino wa pigmenti ni chembe ngumu zinazoelea, kama unga wa mahindi kwenye maji ya baridi. Mwanga na ozoni hula rangi iliyoyeyuka molekuli moja moja, ila kwenye chembe, molekuli za nje huzikinga za ndani. Ukitaka kujua printa yako ina upi, chapa maneno machache kwa kila rangi kwenye karatasi ya rimu, acha yakauke siku nzima, kisha dondoshea tone la maji. Dai inatambaa na kuacha doa. Pigmenti inabaki palepale. Jaribio lifanyike kwenye karatasi ya rimu tu, kwa sababu karatasi ya vitundu huweza kuishika dai hata ikilowa, ukadanganyika. Printa nyingine za tanki zina mweusi wa pigmenti na rangi zote za dai. Hizo ni salama kwa mkataba, si kwa picha. Na ukijaza tanki kwa wino wa chupa usiojulikana ulikotoka, hakuna karatasi itakayokuokoa.

Kwa hiyo, kwa picha ya kutundikwa: pigmenti kwenye karatasi ya pamba asilimia 100 isiyong'aa, gramu 250 hadi 310. Karatasi nzito hivyo ipitishe njia ya nyuma ya printa, kwani trei ya chini inaikunja na kuikwaruza. Upande wa kuchapa utaujua kwa kugusa kona kwa kidole chenye unyevu kidogo: wenye tabaka unanata. Katika mipangilio ya printa chagua aina ya karatasi isiyong'aa, maana hiyo ndiyo inayoamua kiasi cha wino. Printa yenye nyeusi mbili, tumia ile ya karatasi isiyong'aa. Ukiitumia kwenye karatasi inayong'aa inafutika kwa kidole, na ile nyingine kwenye pamba hutoa nyeusi ya majivu.

Unyevu wa kando ya ziwa, Entebbe au Jinja, una vurugu zake. Karatasi iliyofunguliwa wakati wa mvua hujikunja kingo, kichwa cha printa kikazigonga na kuacha michirizi myeusi. Iache pakiti siku moja ndani ya chumba chenye printa bila kuifungua, kisha chukua unazohitaji, zilizobaki zifunge tena kwenye plastiki yake. Faili zikae kwenye rafu, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta, kwa sababu ya mchwa na kwa sababu ukuta hupumua maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza.

Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu ya plastiki, ikae mbali kabisa. Tumia ya poliesta au polipropilini. Kulaminisha nako ni mazoea mabaya. Joto na gundi vikishashika karatasi havitoki tena, na maji yakipenya kwenye kona iliyopasuka yanabaki humo humo. Kopi ilaminishwe, asili iwekwe kwenye bahasha.

Picha iliyotoka kwenye printa usiitie kwenye fremu siku hiyo hiyo. Wino una vimiminiko vinavyochelewa kutoka hata kama uso umeshakauka, na hivyo hupanda vikaganda kwenye kioo kama ukungu wa mafuta. Ifunike kwa karatasi ya rimu, iache siku moja, badilisha karatasi hiyo kama imejikunja, kisha rudia mpaka itoke imenyooka. Na kati ya picha na kioo weka ukingo wa kadibodi isiyo na asidi, visigusane.