Gundi ya hesi: kwa nini bolti za pikipiki hulegea na namna ya kuzizuia

Dereva mmoja wa bodaboda alifika karakanani kwangu akisukuma pikipiki yake na kueleza kwamba breki ya mbele inagonga kila anapoibana. Nilipofungua gurudumu nilikuta bolti mbili kati ya nne zinazoshikilia diski zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole, na ya tatu haikuwepo kabisa. Diski hiyo ilikuwa imebadilishwa wiki chache nyuma katika karakana nyingine, na aliyeifunga alizikaza bolti kwa nguvu zake zote lakini hakupaka chochote kwenye hesi, yaani zile nyuzi za mzunguko ambazo bolti hujishikizia. Mtu huyo alikuwa akibeba abiria kila siku huku diski yake ikining'inia kwenye bolti moja iliyo nzima. Ninaandika makala haya kwa ajili ya mafundi wenzangu na kwa madereva wanaopenda kusimama karibu na kuangalia pikipiki yao inavyofungwa, kwa sababu tone moja la gundi inayofaa lingezuia hatari ile yote.

Ni lazima kwanza tuelewe bolti inashikaje. Wengi wetu tulifundishwa kwamba bolti hushika kwa kuwa imekazwa, lakini ukweli ni kwamba hushika kwa kuwa imevutwa. Unapozungusha spana, bolti hurefuka kidogo mno, kama springi iliyotanuliwa, na jitihada yake ya kurudi kwenye urefu wake wa awali ndiyo inayobana vitu viwili pamoja. Katika nguvu yote unayoitoa mkononi, takribani asilimia 10 tu ndiyo inayogeuka kuwa mvutano huo. Karibu nusu huishia kwenye msuguano chini ya kichwa cha bolti au nati, na asilimia 40 hivi huishia kwenye msuguano wa hesi. Kwa hiyo kinachoizuia bolti isijifungue ni msuguano peke yake, na hesi yenyewe, ukiitazama vizuri, ni mteremko uliozungushiwa kwenye nguzo, ambao mzigo unatamani kuushuka muda wote.

Kwa miaka mingi wahandisi walidhani kwamba mtikisiko wa kuvuta na kusukuma kwa urefu wa bolti ndio unaoilegeza zaidi. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba adui mkubwa ni mtikisiko wa upande, ule unaozifanya sehemu mbili zilizobanwa ziteleze ubavu kwa ubavu. Yeyote aliyewahi kuburuta kabati zito sakafuni anajua jambo hili: kulianzisha ni kazi, lakini likishaanza kuteleza unaweza kuligeuza upande wowote kwa kulisukuma kidogo. Hesi nazo zikishateleza upande, msuguano uliokuwa ukizuia mzunguko hutoweka kwa sekunde hiyo, na nati hurudi nyuma kidogo kidogo mpaka mvutano wote uishe. Pikipiki ya silinda moja, inayotetemeka yenyewe hata ikiwa imesimama, kisha ikapitishwa kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo mfululizo, ina mtikisiko wa namna hii kuanzia asubuhi hadi usiku.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wanaoamini springi washa, ile pete ya chuma iliyokatwa na kupindwa kidogo inayowekwa chini ya kichwa cha bolti au nati. Mwongozo wa shirika la anga la Marekani, NASA, kuhusu usanifu wa bolti, uliotolewa mwaka 1990, unaeleza wazi kwamba washa hiyo huwa imeshalala bapa bolti inapofikia kukazwa kikamilifu, na tangu hapo haina tofauti na washa ya kawaida. Mimi huirudisha mahali pake kama kiwanda kiliiweka, kwa kuwa unene wake ulihesabiwa, lakini siihesabu kuwa ulinzi.

Gundi ya hesi hufanya kazi kwa njia nyingine. Hesi za bolti na za nati hazigusani pande zote. Hugusana upande mmoja unaobeba mzigo, na upande wa pili hubaki uwazi mwembamba unaoruhusu ule mtelezo wa ubavuni. Gundi huujaza uwazi huo na kuwa plastiki ngumu, hivyo hesi hukosa nafasi ya kucheza. Cha kupendeza ni kwamba haikauki kwa kupata hewa, bali kwa kuikosa. Oksijeni huizuia isigande, na inapofungiwa katikati ya hesi ambako hewa haifiki, huku ikigusa chuma au shaba, chembe za metali huanzisha mgando. Katika miaka ya 1940 kampuni ya General Electric ya Marekani ilikuwa na kimiminika cha aina hii, lakini kilipaswa kupulizwa hewa muda wote ili kisigande kikiwa ghalani. Vernon Krieble, profesa wa kemia katika Chuo cha Trinity mjini Hartford, ndiye aliyepata namna ya kukituliza kikaweza kukaa chupani, mwaka 1953, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa jina la Loctite, ambalo leo wengi hulitumia kuita gundi yoyote ya namna hii hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine.

Tabia hiyo ndiyo inayonisaidia kuitambua gundi ya kweli. Ninadondosha tone moja juu ya kioo na kulipaka jingine kwenye bolti ya chuma ninayoifungia nati yake. Baada ya saa kadhaa tone la kioo linapaswa kuwa bado majimaji, na nati inapaswa kuwa imeshika. Tone lililoganda likiwa wazi juu ya kioo si gundi ya hesi, na huenda ni supagluu, ambayo hugandishwa na unyevu wa hewani na kupasuka kwa urahisi inapogongwa.

Kuhusu rangi, desturi iliyozoeleka ni zambarau kwa skrubu ndogo, bluu kwa nguvu ya wastani inayofunguka kwa spana ya kawaida, nyekundu kwa nguvu kubwa, na kijani kwa ile nyepesi inayopenya yenyewe kwenye bolti iliyokwisha kufungwa. Naomba fundi asome namba na maelezo ya chupa wala asitegemee rangi peke yake, kwa sababu si watengenezaji wote wanaofuata desturi hiyo, na chupa za plastiki za Loctite zenyewe mara nyingi huwa nyekundu hata gundi iliyomo ikiwa ya bluu. Katika pikipiki, karibu kazi zangu zote ni za bluu: bolti za diski, za kalipa (sehemu inayoshikilia pedi za breki), za sproketi ya nyuma pale mwongozo unapoagiza, na za vishikizo vya injini.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni uchafu. Gundi haishiki mafuta wala vumbi, na fundi aliyepaka juu ya grisi hajapaka kitu. Ninasugua hesi kwa brashi ya waya mpaka mabaki ya gundi ya zamani yatoke, kisha ninasafisha kwa dawa ya kusafishia breki au asetoni na kuacha pakauke. Petroli ya kwenye tangi huacha utando wa mafuta na siipendi kwa kazi hii. Bolti ya milimita 8 inatosheka na tone moja au mawili, yakiwekwa pale hesi zitakapokutana na wala si kwenye ncha nzima. Tundu lisilotokea upande wa pili linahitaji gundi ndani yake pia, kwa sababu hewa iliyonaswa chini husukuma gundi ya bolti itoke nje wakati unaifunga.

Baada ya hapo bolti inakazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mwongozo, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Gundi haiwi badala ya mvutano nilioueleza mwanzoni. Bolti isiyokazwa na iliyogundishwa bado huacha sehemu zicheze, na itakatika. Mshiko wa kwanza huja kwa dakika 10 hadi 20 kwenye chuma cha kawaida, lakini nguvu kamili huhitaji saa 24, na zaidi kwenye baridi au kwenye chuma kisichoshika kutu. Fundi wa Njombe mwezi wa Julai asitegemee muda wa fundi wa Dar es Salaam.

Usiipake kwenye skrubu zinazoingia kwenye plastiki, kama zile za kava za ubavuni, kwa kuwa kimiminika chake kinaweza kupasua baadhi ya plastiki. Usiipake kwenye plagi wala kwenye bolti ya kumwagia oili, vitu ambavyo hufunguliwa mara kwa mara.

Kwa aliyerithi bolti yenye gundi nyekundu, spana ndefu si jibu. Nimeona vichwa vya bolti vikikatwa kwa njia hiyo na tundu la aluminiamu likiharibika moja kwa moja. Pasha bolti yenyewe moto hadi nyuzi joto 250 hivi, kisha ifungue ikiwa bado ya moto. Toa kwanza beringi na sili zilizo karibu, weka mbali petroli, na fanya kazi mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wake si wa kuvutwa. Vaa glavu hata wakati wa kupaka, maana ngozi ya baadhi ya watu huanza kuikataa gundi hii baada ya kuigusa mara nyingi.

Gundi ikishaganda, usirudi kesho yake kujaribu bolti kwa spana ili kujiridhisha, kwa sababu ukiisogeza hata kidogo umeuvunja mshiko. Mimi huchora mstari mwembamba wa rangi unaopita kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho chini yake, na dereva nikamwonyesha. Mstari ukikatika sehemu mbili, bolti imezunguka, na ataliona hilo mwenyewe asubuhi kabla hajapakia abiria wa kwanza.

Na chupa iachwe kama ilivyo. Huuzwa ikiwa na nafasi kubwa tupu ndani kwa makusudi, na plastiki yake hupitisha hewa, ili gundi ipate oksijeni ya kutosha kubaki majimaji. Fundi anayeihamishia kwenye kopo la chuma, au anayegusisha mdomo wa chupa kwenye bolti kila anapopaka na kuingiza vumbi la chuma ndani, siku moja ataikuta imeganda yote.