Mikono 400 ya Kitu Gani?

Jana jioni kijana mmoja anayecheza poka mtandaoni amenitumia picha nyingine ya skrini, yenye nambari ambazo programu huweka juu ya kila mpinzani; ni ya tatu mwezi huu. Nilikuwa nimekwama ndani ya matatu Thika Road, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kukasirika. Maneno ni yale yale: "Mkuu, huyu jamaa akipigwa beti ya tatu anatupa karata asilimia 100. Nina mikono 400 yake. Mbona ameita?" (Mkono ni mzunguko mmoja wa karata; kufungua ni kuwa wa kwanza kupandisha dau; beti ya tatu ni kumpandishia tena aliyefungua; kuita ni kulipa dau hilo ili uendelee.)

Kijana alikuwa batani, kiti cha kuzungumza mwisho, na tisa na nne za rangi tofauti. Mpinzani alifungua kwa blaindi 2.5 (blaindi ni dau la lazima), kijana akapandisha hadi 8 akidhani anaokota pesa barabarani. Akaitwa. Akaendelea kujitutumua hadi riva, karata ya mwisho ya mezani, na pesa zote alizoketi nazo zikahamia upande wa pili.

Sasa, mikono 400 ya kitu gani? Ya VPIP, yaani asilimia ya mikono ambayo mtu anaingiza pesa kwa hiari, sawa. Karibu kila mkono ni nafasi ya kuingia au kutoingia, kwa hiyo VPIP ikisoma 25 baada ya mikono 400, kosa lake ni kama pointi 4 huku au kule. Hiyo itumie bila wasiwasi. PFR, asilimia anayopandisha kabla ya karata za mezani, vivyo hivyo, twende mbele.

Beti ya tatu ni habari nyingine. Ili nambari ile ipate hesabu moja zaidi, lazima mtu mwenyewe afungue kwanza, kisha mwingine ampandishie. Huyu anafungua kama asilimia 18, yaani mara 72 hivi katika mikono 400. Katika hizo 72, wangapi walimpandishia? Nikamwambia kijana aweke kidole juu ya ile nambari mpaka programu ionyeshe hesabu ya chini, yaani imetokana na mara ngapi. Akarudi kimya kimya: nne. Ametupa mara 4 kati ya 4. Ile 100 imeandikwa kwa herufi kubwa sawa na VPIP, imepakwa rangi ya kijani, na imejengwa juu ya mara nne.

Ukiniambia Ngong Road haina msongamano kwa sababu umeipita mara nne, sitabishana na macho yako. Nitakuuliza tu kama ulipita Agosti, shule zikiwa zimefungwa.

Hapa ndipo watu wanaponikera zaidi, maana wanajibu: "Lakini mara nne mfululizo si bahati." Ni bahati, tena ya kawaida kabisa. Chukua mchezaji anayetupa asilimia 55. Uwezekano wa kutupa mara nne mfululizo ni 0.55 mara yenyewe mara nne, yaani kama asilimia 9. Kidogo, naam. Ila wewe hukumchagua huyu mtu kabla ya kuangalia nambari. Una wapinzani 60 kwenye hifadhi yako, na tuseme kila mmoja ameonekana mara nne. Hata kama wote ni wa asilimia 55, watano au sita watakuonyesha 100. Na wewe unamshambulia nani? Hao hao watano au sita! Skrini imekuchagulia waliobahatika kuonekana waoga, nawe ukawaendea na tisa na nne.

Mimi hufanya hivi: kabla sijamjua mtu, najifanya nimeshamwona mara 20 akicheza kama watu wa meza ile wanavyocheza kwa wastani. Wastani ukiwa 55, hizo ni mara 11 za kutupa. Ongeza 4 zake: 15 kati ya 24, asilimia 62.5. Sasa rudi kwenye dau. Unahatarisha 8 ili upate 4 (2.5 zake na 1.5 za blaindi mbili, ndogo na kubwa), kwa hiyo geresha tupu inahitaji ifanikiwe asilimia 67, na hapo nimesahau kwa makusudi kwamba wa blaindi nao wana karata. Kwa 100 ni pesa ya bure. Kwa 62.5, karata ikiwa haina lolote la kufanya baada ya flopu, karata tatu za kwanza za mezani, ni hasara. Ungekuwa na ezi na tano za rangi moja tungezungumza lugha nyingine.

Mwenye kuuliza kwa nini 20 na si 40, sina jibu safi. Nilianza na 30, nikaona naogopa kupita kiasi, nikapunguza. Wastani wenyewe wa 55 nimeutoa kwenye meza ninazocheza mimi usiku wa Nairobi; zako huenda si hizo. Kisha kuna jambo linaloninyima raha kuliko hilo: mara hizo nne alifungua kutoka wapi? Mtu aliyefungua akiwa wa kwanza kuzungumza si yule aliyefungua kutoka batani, ingawa jina ni moja. Nikizitenganisha kwa nafasi, nabaki na mara moja hapa na mara mbili pale. Nikiziunganisha, nachanganya watu wawili. Huwa naziunganisha, nikijua nakosea.

Tovuti ya poka ya partypoker ilizipiga marufuku programu za nambari hizi mwaka 2019. Wachezaji wake wakabaki kuangalia mpinzani anavyocheza.

Kijana amenijibu asubuhi hii. Amepata mwingine wa asilimia 100, na safari hii ameniandikia hesabu ya chini mwenyewe: 2 kati ya 2.