Mfadhili wa washairi: Mary Sidney na nyumba ya Wilton

Siku hizi tukisikia neno mfadhili, akilini huja shirika linalolipia mradi, au tajiri anayemlipia karo mtoto asiye wake. Ulaya ya karne ya 16 ilikuwa na mfadhili wa namna nyingine, mfadhili wa washairi. Mshairi wa wakati huo hakuweza kuishi kwa kuuza vitabu. Alihitaji nyumba ya mwenye cheo ambamo atakula na kulala, mara nyingi kwa kazi ya kuwafundisha watoto wa nyumba hiyo, na jina kubwa la kumkinga. Naye alilipa kwa tabaruku, ule ukurasa wa mwanzo unaomtukuza mwenye fadhila.

Mary Sidney wa Uingereza alikuwa mfadhili wa aina hiyo. Alizaliwa mwaka 1561, na mwaka 1577, akiwa na miaka 15, akaozwa kwa Henry Herbert, Earl (cheo cha kikabaila) wa Pembroke, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Makao yao yalikuwa Wilton, katika jimbo la Wiltshire. Mshairi Samuel Daniel aliishi huko akimfundisha mwanawe William, na baadaye akaandika kwamba Wilton ndiyo iliyokuwa shule yake bora kuliko zote. Si sifa ya kuombea chakula hiyo. Mama huyu alimpa kazi hasa: yeye mwenyewe alitafsiri kutoka Kifaransa tamthilia ya Robert Garnier juu ya Antonius, jemadari wa Kirumi, ikachapishwa mwaka 1592, na Daniel akaandika tamthilia ya kuandamana nayo, juu ya Cleopatra.

Hapo ndipo ninapoona maelezo mengi yanampunja. Humtaja kama mwenye mfuko tu, dada wa mshairi Philip Sidney. Kweli, kaka huyo alimwandikia yeye hadithi yake ndefu, Arcadia. Mwaka 1586 Mary alifiwa na baba, na mama, na kisha Philip, aliyejeruhiwa pajani vitani huko Zutphen, Uholanzi. Philip aliacha kazi nusu: alikuwa akizitia Zaburi katika nudhumu ya Kiingereza, na alikuwa amefika ya 43. Zaburi ziko 150. Dada alizimaliza zote 107 zilizobaki, tena akarudi kuzisahihisha za kaka yake.

Anayejua vina na mizani atathamini alichofanya. Hakushika bahari moja, yaani aina moja ya shairi, akaenda nayo hadi mwisho. Karibu kila zaburi aliitafutia umbo lake. Zaburi ya 117, fupi kuliko zote, aliitunga kwa mishororo 12, na ukisoma herufi za kwanza kutoka juu kwenda chini unapata maneno ya Kiingereza yenye maana ya “msifu Bwana”. Ya 119, ndefu kuliko zote, ina sehemu 22, naye kila sehemu akaipa mtindo wake.

Kwa nini Zaburi? Mwanamke wa tabaka lake kuchapisha mashairi yake mwenyewe ya mapenzi kungemletea maneno. Kutafsiri neno la Mungu na kutunza urithi wa marehemu kaka ulikuwa mlango ambao hakuna aliyeweza kumfungia. Nami naamini alijua vizuri sana alichokuwa akifanya alipoupitia.

Ila ufadhili wa mwanamke ulisimama juu ya mali ya mume. Henry alipofariki mwaka 1601, cheo na mashamba vilikwenda kwa William, na washairi wakaanza kumtabarukia mwana badala ya mama. Mary alifariki kwa ndui jijini London mwaka 1621, akazikwa katika kanisa kuu la Salisbury. Zaburi zake zilikuwa zikinakiliwa kwa mkono na kupitishwa kwa wasomaji. Mshairi John Donne alizisoma na kuzitungia shairi la sifa. Zilipigwa chapa mwaka 1823.