Saini ya Daktari kwenye Faili la Mgonjwa Ambaye Hakumwona

Katika idara nyingi za dharura nchini Marekani, mgonjwa anayefika usiku akiwa na homa au maumivu ya tumbo huweza kupokewa, kupimwa, kutibiwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani na msaidizi wa daktari, ambaye hospitalini huitwa kwa kifupi PA. Kada hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, kwa wanafunzi waliokuwa wamehudumu katika tiba ya jeshi la majini, na msomaji wa Afrika Mashariki hatakosea sana akimfikiria afisa tabibu. PA ana leseni yake mwenyewe, lakini katika majimbo mengi sheria humtaka afanye kazi kwa makubaliano na daktari, na ni makubaliano hayo yanayotufikisha mahakamani sisi tunaosimamia. Mimi ni daktari wa tiba ya dharura, na ninawaheshimu wasaidizi ninaofanya nao kazi. Kinachonitia wasiwasi ni namna usimamizi wenyewe unavyoendeshwa.

Kosa la PA linaweza kumfikia daktari kwa njia zaidi ya moja. Anaweza kushtakiwa kwa niaba, kama mwajiri anavyobeba kosa la mtumishi wake, ingawa siku hizi mwajiri huwa ni hospitali au kampuni inayosambaza madaktari. Anaweza kushtakiwa kwa kusimamia vibaya, kwa mfano kwa kumwachia msaidizi asiye na uzoefu mgonjwa aliyemzidi uwezo. Anaweza pia kushtakiwa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa sababu aliulizwa akajibu, au aliweka saini.

Madaktari wengi huamini kwamba mgonjwa ambaye hawakumgusa si mgonjwa wao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota iliikataa hoja hiyo. Muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu alikuwa amempigia simu daktari wa hospitali akitaka mgonjwa wake alazwe. Mgonjwa hakulazwa, na baada ya siku 3 alifariki kwa sepsisi, yaani maambukizi yanayouathiri mwili mzima na kuhatarisha uhai. Mahakama ilisema kwamba daktari anaweza kuwa na wajibu hata pasipo uhusiano wa daktari na mgonjwa, iwapo angeweza kutarajia kwamba ushauri wake ungefuatwa na kwamba ungeweza kuleta madhara. Muuguzi huyo si PA, na tukio halikutokea katika idara ya dharura, lakini maswali ya haraka ya namna hiyo ndiyo tunayojibu usiku kucha tukiwa tumesimama kwenye korido.

Kesi ninayoirudia zaidi ninapofundisha ni ya Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Mwezi Mei 2011 mwanamke mmoja alifika katika idara ya dharura akiwa na maumivu ya tumbo na homa kali, akaonwa na daktari pamoja na PA. Maambukizi yalikuwa miongoni mwa magonjwa waliyoyafikiria, lakini hawakumweleza hivyo, wala hawakumwambia kwamba antibiotiki zilikuwa njia mojawapo ya kumtibu. Aliagizwa akamwone daktari wake wa magonjwa ya wanawake kuhusu fibroidi (uvimbe wa mji wa mimba) alizokuwa nazo. Siku iliyofuata alikwenda hospitali nyingine, akakutwa na sepsisi, na hatimaye mikono na miguu yake yote minne ilikatwa. Mwaka 2014 jopo la raia lililoamua kesi lilisema kwamba wahudumu hao wawili hawakuzembea katika matibabu yenyewe, bali wote wawili walikosa kumpa taarifa alizostahili ili achague, na likamtunuku yeye na mumewe zaidi ya dola milioni 25. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Wisconsin ilishikilia kikomo cha kisheria cha dola 750,000 kwa madhara yasiyo ya kifedha, kama vile maumivu na mateso, na fidia ikapungua sana.

Sisi wasimamizi huuliza kuhusu vipimo, picha na dawa, lakini mara chache tunauliza, “Umemwambia nini mgonjwa?” Swali hilo huchukua nusu dakika, na kwa mgonjwa wa homa anayetumwa nyumbani naliona kuwa la lazima.

Kisha kuna suala la saini. Medicare, bima ya afya ya serikali inayohudumia hasa wazee, hulipa asilimia 85 ya ada ya daktari pale PA anapodai malipo kwa jina lake mwenyewe, na ada kamili ikiwa daktari alifanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo kuna msukumo wa kifedha wa kuonyesha kwamba daktari alihusika. Kompyuta huleta sentensi iliyokwisha kuandikwa, “Nimemwona na kumpima mgonjwa huyu,” na daktari aliyechoka hubofya mwishoni mwa zamu. Ikiwa sentensi hiyo si kweli, imemfanya shahidi wa uchunguzi ambao haukufanyika, na inaweza kumletea kesi ya kuidai serikali malipo kwa uongo, mbali na ile ya uzembe. Mimi huandika nilichofanya tu: saa tuliyozungumza, nilichoelezwa, nilichoshauri, na kama sikumwona mgonjwa, nasema sikumwona.

Napendekeza pia kila idara iandike wazi ni wagonjwa gani lazima daktari awaone kwa macho yake kabla hawajaondoka: mtoto mchanga mwenye homa, mzee mwenye maumivu ya tumbo, mtu aliyerudi ndani ya saa 72 kwa tatizo lile lile, na yeyote ambaye mapigo ya moyo au shinikizo lake la damu bado si la kawaida. Kanuni ikiwepo, PA mgeni haoni haya kuniita. Lakini ikiandikwa na isifuatwe, wakili wa mlalamikaji ataisoma kwa sauti mbele ya jopo, kwa hiyo iwe fupi na itekelezeke hata usiku wa msongamano.

Kabla ya kukubali jukumu hili la kusimamia, daktari na asome mkataba wa bima inayomkinga dhidi ya kesi za uzembe. Aulize kama kiwango cha fidia ni chake peke yake au anagawana na PA, na kama madai yatakayoletwa baada ya yeye kuacha kazi yatalipwa. Malipo yoyote ya fidia yanayofanywa kwa jina lake, hata yakiwa madogo, huripotiwa katika hifadhidata ya taifa ya watoa huduma iliyoanza kazi mwaka 1990, na kila hospitali atakayoomba ruhusa ya kutibu itaiona taarifa hiyo.