Vyombo vinavyojisemea: kutoka Kilindini hadi friji ya chanjo

Kontena la parachichi likifika bandarini Kilindini, hapa Mombasa, kitu cha kwanza linachohitaji ni umeme. Matunda hayo yanataka ubaridi wa nyuzi 5 hivi, na safari ya Ulaya ni ya wiki kadhaa. Tena ilirefuka mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa kawaida mfanyakazi hupita kontena kwa kontena, akisoma joto na kuandika. Plagi ikichomoka mara tu akishapita, hakuna ajuaye hadi mzunguko mwingine. Kontena lenye kihisi, yaani kifaa kidogo cha kupima joto, na modemu ya kutuma vipimo hivyo kwa mtandao, hutuma habari lenyewe, matunda yakiwa bado mazima.

Hiyo ndiyo Intaneti ya Vitu, jina alilolitoa Mwingereza Kevin Ashton mwaka 1999. Kifaa kinapima, kinatuma, na upande wa pili yupo anayepokea na kuchukua hatua. Hilo la mwisho nawasisitizia wanafunzi wangu kila muhula, kwa sababu ndilo linalosahauliwa na wanunuzi wengi.

Tazama malori yanayopanda Mariakani kuelekea Malaba, mpakani na Uganda. Mizigo ya Uganda na Rwanda hupita Kenya bila kutozwa ushuru wa hapa, kwa hiyo kishawishi cha kuishusha njiani na kuiuza ni kikubwa. Tangu 2017 mamlaka za mapato za nchi hizi tatu zimekuwa zikitumia mfumo wa pamoja wa lakiri za kielektroniki, yaani vifaa vinavyofungwa kwenye mlango wa kontena. Lakiri hujua mahali ilipo kwa setilaiti na hutoa habari ikifunguliwa au lori likiacha njia iliyopangiwa. Lakini lakiri haimkamati mtu. Kinachoupa mfumo huu nguvu ni vikosi vilivyowekwa barabarani, tayari kulifuata lori hilo.

Hospitalini jambo ni zito zaidi. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu huogopa joto, nao wana haki kwa mji kama wetu, ila chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B huharibiwa pia na kuganda, na kwa macho huenda usione tofauti yoyote. Friji iliyoganda usiku na kurudi sawa asubuhi haitamwambia muuguzi kitu. Kihisi kinachorekodi kila dakika chache kitamwambia. Kama ningepewa fedha za kufunga vihisi mahali pamoja tu, ningeanzia hapo.

Viwandani, vihisi vya mtetemo hufungwa kwenye mota. Beringi, kile kipande kinachoshika ekseli ikizunguka, inayoanza kuchakaa hubadili mtetemo wake kabla sikio la fundi halijasikia kelele, hivyo matengenezo hupangiwa siku badala ya kusubiri mtambo usimame.

Sisi wa pwani tuna adui wetu: chumvi. Upepo wa bahari hula viunganishi vya nyaya, na kihisi chenye kutu husema uongo kabla ya kunyamaza. Nunua chenye kasha lililozibwa barabara, na ukilinganishe na kipimo cha mkono mara kwa mara.

La usalama nalo halingoji. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta (vifaa vya kugawa intaneti) duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, zile ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Mnamo Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kamera ya duka lako Kongowea ibadilishe nywila leo, kisha muulize aliyekuuzia: masasisho ya programu yake yatatoka kwa miaka mingapi? Na ukifunga kifaa kwenye gari la dereva wako, mwambie. Mienendo yake ni data yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kujua inakusanywa kwa nini.