Kabla hujafungua ofisi, funga vitabu vya mwaka mzima

Kila matokeo ya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, yakitoka, napata wageni. Wengi ni vijana waliosoma hapahapa Dodoma, vyuo vya CBE, UDOM au Mipango, na swali lao ni lilelile: dada, nimeshafaulu, nifungue ofisi yangu ya uhasibu lini? Wengine wameshaona fremu Makole au Nkuhungu, kodi wameulizia, hata jina la biashara wanalo.

Juzi amekuja binti mmoja na karatasi ya hesabu aliyoiandika vizuri sana. Wateja kumi, kila mmoja shilingi 150,000 kwa mwezi, jumla 1,500,000. Toa kodi ya fremu, toa umeme na intaneti, faida hii hapa. Nilifurahi kwamba ameanza na hesabu. Nikamuuliza swali moja: umewahi kufunga vitabu vya hesabu vya biashara moja, kuanzia Januari hadi Desemba, kwa mkono wako? Akasema hapana. Kwenye mafunzo ya vitendo alikuwa anaingiza risiti kwenye kompyuta, wiki nane.

Basi jibu langu kwake ndilo ninalowapa wote. Cheti kinakupa ruhusa ya kuingia kazini, hakikuambii kwamba unaweza kubeba vitabu vya mtu peke yako. Subiri mpaka uwe umezunguka mwaka mzima wa biashara moja: umehesabu mali iliyopo stoo Desemba, umekokotoa uchakavu wa vifaa, umewaandika wadai na wadaiwa mmoja mmoja, umetoa urari, yaani orodha inayoonyesha pande mbili za hesabu zinalingana, umewasilisha ritani ya mwaka, ile taarifa ya kodi, kisha ofisa wa kodi ameuliza maswali na wewe ndiye uliyeyajibu ukiwa na vocha mkononi. Hapo uko tayari, hata kama una wateja wawili tu. Kabla ya hapo hauko tayari, hata kama wanakupigia simu kumi na watano.

Kwa nini mwaka, si miezi mitatu? Kwa sababu makosa ya mwezi Machi hujitokeza Desemba. Nilipoajiriwa kwa mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, nilikaa siku mbili nzima nikilinganisha daftari letu na taarifa ya benki. Tofauti ilikuwa 270,000. Nilipitia malipo yote, nikayatia tiki, nikarudia, tofauti ikabaki palepale. Mama aliyekuwa mkuu wangu akapita nyuma yangu, akatazama ile namba, akasema: gawa kwa tisa. Nikagawa, ikatoka 30,000 kamili. Akasema: tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Dakika kumi baadaye nikaiona, malipo ya magunia 630,000 yaliyoandikwa 360,000. Darasani nilifundishwa hilo, na kwenye mtihani nadhani nililipata. Lakini siku ile, shingo ikiuma na bosi anasubiri, halikunijia kabisa. Tangu hapo, tofauti yoyote ikitokea, kwanza naigawa kwa tisa. Ikikataa, naigawa kwa mbili na kutafuta kiasi kilichoandikwa upande usio wake. Ujuzi wa namna hiyo unaupata ukikaa karibu na mtu aliyekutangulia. Ukishafungua ofisi yako, hakuna wa kupita nyuma yako.

Mimi mwenyewe sikusubiri. Mwaka 2019, baada ya miezi saba tu ya ajira, nilichukua mteja wangu wa kwanza, mzee mmoja mwenye hadiwea Nzuguni. Ukutani kwake alikuwa amebandika karatasi imeandikwa "Mali bila daftari hupotea bila habari", na nilipoiona nilijua tutaelewana. Wakati huo kiwango cha kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kilikuwa mauzo ya 100,000,000 kwa mwaka (tangu Julai 2023 ni 200,000,000), naye alikuwa amekivuka. Mwezi wangu wa kwanza kwake, ripoti za Z, yaani jumla za mauzo ya kila siku, za mashine yake ya risiti ya EFD zilijumlisha 11,800,000. Nikaziandika vizuri, nikapanga faili, nikajisifu moyoni. Tarehe 19 ya mwezi uliofuata ndipo nikakaa kujaza ritani, nikampigia: mzee, humu ndani 1,800,000 ni VAT.

Hela ilikuwa imekwisha. Alinunua mabati, akalipa ada za watoto wawili, akabakiza ya mzunguko. Na saruji, ambayo VAT yake aliitegemea ipunguze ile ya mauzo, aliinunua kwa mtu asiyetoa risiti ya EFD, kwa hiyo haikuwa na msaada wowote kwenye ritani. Kosa lilikuwa langu. Siku ya kwanza kabisa nilipaswa kumwambia kwamba katika kila 11,800 inayoingia kwenye droo, 1,800 si yake, aiweke pembeni, na kwamba bei nafuu isiyo na risiti ni bei ghali. Nilijua kukokotoa, kumkinga mteja nilikuwa bado sijajifunza. Alikopa kwa mdogo wake akalipa. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia mapema." Sentensi hiyo naikumbuka kila ninapompokea mteja mpya, na ndiyo sababu mazungumzo yangu ya kwanza na mteja huchukua saa mbili na hayahusu bei.

Sasa turudi kwenye karatasi ya yule binti, maana ina mashimo mawili ambayo karibu kila anayekuja kwangu anayo.

Shimo la kwanza ni wateja kumi. Vijana huhesabu mwezi kuwa na siku thelathini. Kazi yetu haina siku thelathini. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ujuzi) mwisho wake ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Wateja wako wote, awe wa Majengo au wa Miyuji, wana tarehe zilezile. Na hawaleti vocha tarehe 1. Wanaleta tarehe 15, kwenye mfuko wa plastiki, nusu ya risiti zimefifia kwa jua. Kwa hiyo ukitaka kujua unaweza kubeba wangapi, usigawanye mwezi; hesabu wangapi unaweza kuwamaliza kati ya tarehe 15 na 20 bila kukesha. Mimi nilipoanza jibu lilikuwa wanne. Juni ni mbaya zaidi: kwa biashara inayofunga mwaka Desemba, tarehe 30 Juni ni mwisho wa ritani ya mwaka uliopita na pia ni mwisho wa awamu ya pili ya kodi ya makadirio ya mwaka unaoendelea, kwa siku hiyohiyo moja.

Shimo la pili ni ile 150,000. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inawataka watoa huduma za kitaalamu, na wahasibu tumo, wajisajili VAT bila kujali ukubwa wa mauzo yao. Maana yake ankara yako si 150,000, ni 177,000. Mwenye duka dogo ambaye hajasajiliwa VAT hawezi kuirudisha hiyo 27,000, kwake ni gharama tu, na atakuuliza kwa nini jirani yake anahudumiwa kwa 80,000 na kijana asiye na ofisi. Mteja ambaye ni kampuni, yeye atakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla hajakulipa. Usipofuatilia hati ya kodi hiyo, umeipoteza. Weka haya yote kwenye karatasi kabla ya kusaini mkataba wa fremu, hasa kwa kuwa wenye fremu wengi hapa mjini hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kuhusu akiba, sitaki kusema mengi. Miezi sita ya kula na kulala bila kutegemea mteja hata mmoja. Mteja wa alizeti atakulipa akiuza, mwenye shamba la zabibu atakulipa akivuna, na huwezi kuwalaumu, ndivyo fedha inavyozunguka huku kwetu.

Kuna jambo la usajili ambalo naliona likichezewa na linaniuma. Nenda NBAA, makao makuu wako hapahapa Tambukareli, huna hata nauli ya kusingizia. Uliza daraja lako la usajili linakuruhusu kufanya nini, na ofisi yako isajiliweje. Kutunza vitabu ni kazi moja, kukagua hesabu na kutia saini ripoti ya ukaguzi ni kazi nyingine, ya mhasibu mwenye CPA, cheti cha juu cha NBAA, aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Kusimama mbele ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kama mshauri wa kodi wa mtu nako kuna usajili wake. Mteja akikwambia "wewe saini tu, nani atajua", mrudishie faili lake siku hiyohiyo. Nimeona mwenzetu akisaini asichoruhusiwa. Benki ilipokataa zile hesabu, mteja alikosa mkopo wa kuongeza mashine ya kukamulia mafuta, na msimu ukapita.

Na kama mwaka wako wa vitabu umetimia na akiba ipo, uanze mwezi gani? Mimi nasema Julai. Juni imewaacha wafanyabiashara wakiwa bado wanakumbuka adha ya kutafuta risiti za mwaka uliopita, kwa hiyo wanakusikiliza. Wenye nyumba za wageni na migahawa, ambao Aprili hadi Juni wamejaa wageni wa Bunge la bajeti na hawana hata dakika ya kukaa nawe, sasa wamepumua. Wewe unapata miezi sita ya kusafisha vitabu kabla ya kuhesabu mali Desemba. Ukianza Januari unapokea vitabu vya mwaka ambao hukuuona, na Juni inakukuta bado unamuuliza mteja hii 400,000 ilikuwa ya nini.

Hakuna ulazima wa kuacha kazi ili uupate huo mwaka. Unaweza kuajiriwa kwenye duka, SACCOS au shule, mradi vitabu viwe mikononi mwako mwanzo hadi mwisho. Unaweza pia kumwomba ndugu mwenye biashara akupe vitabu vyake ufanye jioni, kwa masharti ya kazi kamili, na vocha azilete kama anavyomletea mtu baki. Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu ndugu huona aibu kukuonyesha madeni.

Yule binti ana shangazi mwenye duka la vipodozi na vifaa vya saluni barabara ya Nane, na duka hilo lina VAT. Tumekubaliana ataanza hapo, bila fremu, bila bango. Nimempa leja moja ya karatasi, kwa sababu nataka kwanza aione hesabu ikitembea kwa mkono wake, na nimemwambia achukue risiti za mwezi huu tu. Atakuja tarehe 21, siku moja baada ya ritani, na urari wake. Nitauangalia, na kama kuna tofauti, sitamwonyesha ilipo.